Baba ana kidonda na karatasi nishasaini, tunaweza kuwashtaki nasingi homu?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Fort Worth, Texas, nimelifupisha maana lilikuwa refu: "Shikamoo dada. Baba yetu ana miaka 76, raia wa hapa, kafanya kazi kwenye maghala zaidi ya miaka 20. Alipigwa kiharusi, upande wa kulia haufanyi kazi, akili anayo ila ulimi mzito. Siku 24 zilizopita tulimpeleka nasingi homu, nyumba ya kutunzia wazee. Juzi namgeuza nakuta kidonda juu ya kifandugu, ukubwa wa kifuniko cha soda, kinanuka. Aliingia na paundi 172 sasa ana 160. Nesi anasema ni uzee na kisukari. Kaka zangu Tanga wananisema kwenye grupu kwamba nimemtupa mzee, binamu yangu wa Houston anasema tushtaki tutapata milioni. Siku ya kumwingiza nilisaini makaratasi mengi kwenye tableti, sikusoma. Nishajifunga? Na tukilalamika hawatamlipizia baba? Na yeye nimwambie, au nimfiche asije akapata presha?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana, mpe pole na mzee.

Kabla ya habari ya kesi, hesabu siku. Umesema siku 24. Kwenye yale makaratasi ya tableti karibu kila mara kuna moja linaitwa makubaliano ya arbitresheni, yani mkigombana hamuendi mahakamani mbele ya majaji na wazee wa baraza, mnaenda kwa msuluhishi wa faragha, na mara nyingi nyumba ya wazee ndo imechagua kampuni ya huyo msuluhishi. Sasa kanuni ya serikali kuu ya Marekani ya mwaka 2019 inasema mambo kadhaa kuhusu hiyo karatasi: hawaruhusiwi kuifanya sharti la kumpokea mgonjwa, wanatakiwa waieleze kwa lugha unayoielewa, na ukishasaini una siku 30 za kubadili mawazo. Siku 30 za kalenda, wikiendi zinahesabika. Kwa hiyo wewe umebakiwa na siku 6, na hizo siku 6 ni muhimu kuliko wakili yeyote utakayempigia simu leo.

Andika barua fupi, mistari mitatu inatosha: jina la baba, tarehe uliyosaini, na kwamba mnafuta makubaliano ya arbitresheni. Usieleze sababu, usitukane mtu. Chapisha nakala mbili, peleka kwa mkono kwa mkuu wa kituo, nakala yako wagonge muhuri au wasaini na tarehe, wakikataa kusaini piga picha ukiwa umeishika pale pale kaunta, halafu siku hiyo hiyo tuma nyingine kwa posta kwa rejista. Naona familia zinatuma meseji kwa yule dada wa mapokezi halafu mwaka mmoja baadaye yule dada kashaacha kazi na meseji haijulikani iko wapi.

Jingine, ulisaini kama nani? Kama baba hakuwahi kukupa hati ya uwakilishi, basi mawakili wana hoja kwamba saini yako haikuwa na nguvu ya kumfunga yeye, na mahakama kwenye majimbo mengi zimeshawahi kukubali hoja hiyo. Lakini usiitegemee, peleka barua. Ukiwa hapo hapo omba nakala ya kila ulichosaini, angalia kama wamekuandika kama mdhamini wa deni, manake sheria ya serikali kuu inakataza nyumba kumlazimisha mtoto au ndugu adhamini malipo kwa pesa yake ili mzee apokelewe. Wengi wetu tunalipa bili kwa kuogopa tu.

Tuje kwenye kidonda. Mi si wakili, ni nesi, nilianza kama CNA, yani msaidizi wa nesi, napiga shifti za usiku kwenye nyumba kama hizo, siku hizi kazi yangu ni kusoma mafaili ya wagonjwa kwa niaba ya mawakili, na vidonda vya kulalia ndo mkate wangu wa kila siku. Hivi vidonda vina hatua nne. Ya kwanza ngozi imebadilika rangi haijachubuka, na hapa kuna tatizo letu watu weusi kwa sababu vitabu vinasema tafuta wekundu, kwenye ngozi ya baba yako wekundu hutauona, utaona tu sehemu imekuwa nyeusi zaidi au ina joto au imekuwa ngumu ukigusa, na CNA aliyefundishwa kutafuta wekundu anapita tu. Ya nne umefika kwenye msuli au mfupa. Kinachonuka hakiko hatua ya kwanza.

Kwa hiyo, kama ana homa, au amechanganyikiwa kuliko kawaida yake, au kidonda kinatoa usaha, piga 911, usiombe ruhusa ya mtu. Kwanza ni uhai wake. Pili, na hili watu hawalifikirii, emajensi watampima kidonda, wataandika urefu upana na kina, watapiga picha, na wataandika kwamba alikuja nacho kutoka kule. Hiyo ni karatasi iliyoandikwa na watu ambao hawana sababu ya kuficha.

Kuhusu "ni uzee na kisukari": kanuni haisemi kila kidonda ni uzembe. Inasema aliyeingia bila kidonda asipate kidonda, isipokuwa hali yake ya kiafya ionyeshe kwamba kisingeepukika. Na kusema hakikuepukika si neno tu la mdomoni, lazima waonyeshe walichofanya kukizuia. Kuna kipimo cha hatari ya kupata kidonda cha kulalia kinaitwa Braden, alama 6 mpaka 23, ukiwa na 18 au chini wewe uko hatarini, na mtu aliyepooza upande mmoja, anayekojoa kwenye pampasi, mwenye kisukari, atakuwa chini ya hapo. Ndani ya saa 48 za kupokelewa walitakiwa wawe na mpango wa awali wa kumhudumia. Uliza: siku ya kwanza Braden yake ilikuwa ngapi, na mkaandika mtafanya nini? Godoro gani? Kumgeuza kila saa ngapi? Nani anamlisha, maana mkono wa kulia haufanyi kazi na trei ya chakula nakuhakikishia wanaiweka kulia.

Na uzito. Kutoka 172 mpaka 160 ni karibu asilimia 7 chini ya mwezi. Wakaguzi wanahesabu asilimia 5 kwa mwezi mmoja kuwa ni upungufu mkubwa. Hapo daktari alitakiwa apigiwe simu, mtaalamu wa lishe aitwe, na nyie familia mwambiwe. Uliambiwa? Kama hukuambiwa andika kwenye daftari leo kwamba hukuambiwa, na tarehe.

Ngoja nikueleze kwa nini nang'ang'ania makaratasi. Kuna faili moja nililisoma, bibi mmoja, jina lake na kituo haviwahusu. Karatasi ya kumgeuza ilikuwa safi sana, kila baada ya saa mbili, saa nne usiku kageuzwa kushoto, saa sita kageuzwa kulia, saa nane kushoto, saa kumi kulia, herufi zile zile mbili za jina, kalamu ile ile ya bluu, mwandiko haukuchoka mpaka asubuhi. Nikafungua upande wa hospitali. Ambulensi ilikuwa imemchukua saa tano usiku. Yani walikuwa wanamgeuza mtu aliyelala emajensi maili kumi kutoka hapo. Siku hizi ni kompyuta, hamna kalamu, lakini mfumo unatunza nani kabofya nini dakika gani, na unakuta kugeuzwa kwa usiku mzima kumebofywa saa kumi na mbili na dakika hamsini asubuhi kwa mpigo, wakati mtu anatafuta funguo za gari aende nyumbani. Wakili anayejua kazi yake ataomba hiyo kumbukumbu ya mfumo, siyo chati peke yake. Chati peke yake husema mambo mazuri.

Kwa hiyo omba rekodi sasa, kabla hujaanza kugombana. Baba, au mtu anayemwakilisha kisheria, ana haki ya kuziona ndani ya saa 24, ukitoa wikiendi na sikukuu, na kupewa nakala ndani ya siku mbili za kazi, kwa gharama ya kunakili tu. Omba kwa maandishi. Omba na ratiba ya uzito, karatasi za ngozi, na mpango wa huduma. Piga picha za kidonda kila unapoenda, weka sarafu pembeni ili ukubwa uonekane, baba akiridhia, na usizirushe kwenye grupu la ukoo tafadhali. Huyo ni mzee wa watu, na pia picha ikishazunguka Tanga nzima upande wa pili watasema nyie mlikuwa mnatafuta kelele.

Sasa milango ya kupita. Watu huchanganya hapa, wanadhani kulalamika na kushtaki ni kitu kimoja.

Mlango wa kwanza ni ombudsmani wa wazee. Kila jimbo lina hao watu, ni bure, kazi yao ni kumsimamia mkazi dhidi ya nyumba, na hawatoi siri bila ruhusa yake. Texas namba yao ni 1-800-252-2412. Ombudsmani ndo wa kumpigia ukitaka baba ageuzwe leo usiku, aende mle ndani, akae na wewe kwenye kikao cha mpango wa huduma. Una haki ya kikao hicho, na ukihitaji mkalimani wa Kiswahili kwa ajili ya baba sema, usikubali wewe binti ndo uwe mkalimani wa kidonda cha baba yako mbele ya watu sita.

Mlango wa pili ni malalamiko jimboni, Texas ni tume ya afya na huduma za jamii, 1-800-458-9858. Hao wanatuma wakaguzi bila taarifa, wanaandika makosa, nyumba inaweza kupigwa faini. Wewe hupati senti kwenye faini hiyo. Ila ripoti yao ni ya wazi, na nyumba inatakiwa kuweka matokeo ya ukaguzi mahali ambapo wakazi na wageni wanaweza kuyasoma, kwa kawaida ni faili fulani limekaa pale mapokezi halijaguswa na mtu tangu liwekwe. Lisome. Ukikuta mwaka jana walikamatwa kwa vidonda vya kulalia na kutogeuza wagonjwa, hapo wakili wako atatabasamu.

Mlango wa tatu ndo kesi. Hapa nimpoze binamu wa Houston. Texas tangu 2003 waliweka kikomo cha fidia ya maumivu na mateso kwenye kesi za afya: dhidi ya kituo kimoja ni dola 250,000, na haizidishwi kwa idadi ya watoto, familia nzima mnahesabiwa mdai mmoja. Gharama za matibabu na mshahara uliopotea hazina hicho kikomo, lakini mzee wa miaka 76 hana mshahara anaopoteza, kwa hiyo karibu thamani yote ya kesi yake iko kwenye maumivu, na maumivu ndo yamefungiwa kwenye hilo boksi. Toa sehemu ya wakili ambayo mara nyingi ni theluthi mpaka asilimia 40, toa gharama za wataalamu, toa Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, ambao watadai warudishiwe walicholipa kutibu kidonda. Kinachobaki ni pesa, sikatai, lakini milioni ya binamu siioni.

Na ndo maana mawakili wazuri wanachagua. Usikate tamaa ukikataliwa na wawili, mpigie wa tatu. Sheria ya Texas inataka kwanza umtumie mshtakiwa notisi siku 60 kabla ya kufungua, halafu ukishafungua na wao wakajibu una siku 120 za kuleta ripoti ya mtaalamu inayosema walikosea wapi na kosa lilileta vipi madhara. Ukiikosa ripoti, kesi inafutwa moja kwa moja na unalipa wakili wa upande wa pili. Kwa hiyo wakili anatoa pesa zake mfukoni mapema. Muulize umeshafanya kesi ngapi za nasingi homu, siyo za ajali za magari, manake wale wa mabango ya barabarani wengi ni wa magari. Hulipi kitu mpaka ashinde, akikuomba pesa ya kufungua faili ondoka.

Muda wa kufungua kesi ni miaka miwili toka tukio. Inaonekana mingi. Lakini kuna mtego: uliza nani ana leseni ya hiyo nyumba kweli. Texas nyumba nyingi kwenye karatasi ni za wilaya za hospitali za umma hata kama bango nje ni la kampuni, na ikiwa mwenyewe ni taasisi ya serikali kuna notisi ya kuwapa ndani ya miezi sita na ulinzi mwingine wanaojifunika nao. Upande wa pili wa shilingi ni kwamba nyumba ya serikali inafungua njia nyingine. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa majaji 7 dhidi ya 2, iliamua kesi ya familia ya Talevski wa Indiana. Mzee Gorgi Talevski alikuwa na dimensha, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, familia ikasema analazwa kwa madawa ili asisumbue na anahamishwa hamishwa mbali na nyumbani, na kituo kilikuwa cha taasisi ya kaunti. Mahakama ikasema haki zile za sheria ya nyumba za wazee ya 1987, kutolazwa kwa madawa kwa ajili ya urahisi wa wafanyakazi na kutofukuzwa kiholela, zinaweza kudaiwa mahakama za serikali kuu kama kituo ni cha umma. Mzee mwenyewe alishafariki kabla ya hukumu. Kesi ya baba yako ni ya kidonda siyo ya madawa, lakini mwambie wakili aangalie mwenye leseni wiki hii, asisubiri mwaka ujao.

Kulipiza. Hili ndo swali naulizwa zaidi na ndo linalofanya watu wanyamaze. Sheria ya serikali kuu na ya Texas zote zinakataza kumlipizia mkazi au familia iliyolalamika. Hawawezi kumtoa kwa sababu umepiga simu, kumtoa kunahitaji sababu zilizotajwa kwenye sheria, notisi ya maandishi ya siku 30 kwa kawaida, nakala kwa ombudsmani, na mna haki ya kukata rufaa. Lakini najua unachoogopa siyo notisi, unaogopa saa nane usiku, kengele inalia hakuna anayekuja. Basi weka kamera. Texas inaruhusu toka 2001, unajaza fomu yao, gharama ni yako, mwenzake wa chumbani lazima akubali, na tangazo linabandikwa mlangoni. Nyumba haiwezi kukataa kama masharti yametimia. Na nenda saa zisizotabirika, nenda saa kumi na moja alfajiri, nenda wakati wa kubadilishana shifti, mlete mjomba, mlete mama mchungaji. Mzee anayetembelewa ovyo ovyo anageuzwa.

Na hao CNA usiwageuze maadui. Nusu ya waliokuwa zamu na mimi usiku walikuwa Wakenya, Wakongo, Wanaijeria, mtu mmoja na wagonjwa ishirini, na ukimwambia ageuze kila mtu kila saa mbili anacheka kwa uchungu. Mwaka 2024 serikali kuu ilitoa kanuni ya angalau saa 3.48 za uuguzi kwa kila mkazi kwa siku, mwaka uliofuata jaji wa hapa hapa Texas akaifuta. Akitokea mmoja akakunong'oneza kwa Kiswahili kwamba baba hageuzwi usiku, usimrekodi, usimtaje kwenye grupu. Mwambie tu kwamba Texas mwenye sababu ya kuamini mkazi anatelekezwa anawajibika kuripoti, na sheria inakataza kumfukuza kwa kuripoti. Mengine mwachie wakili.

Kumhamisha? Ukipata pazuri mhamishe, kesi haifi kwa sababu kaondoka. Ila siku ya kuondoka piga picha mwili mzima, na mahali papya waandike vidonda alivyokuja navyo.

Kaka zako wa Tanga waambie hivi: Mungu apishe mbali, baba akifariki kwa kidonda hiki, sheria ya Texas inawapa mke, watoto na wazazi wa marehemu haki ya kudai, kwa hiyo na wao ni wadai. Waanze kukusaidia kuandika tarehe badala ya kukusema. Binamu wa Houston hayumo.

La mwisho umeuliza kama umwambie baba au umfiche asije akapata presha. Mwambie. Umesema akili anayo, basi kesi ni yake, malalamiko ni yake, wewe ni mjumbe wake tu. Na kwa kuwa akili anayo sasa hivi na kiharusi kingine hakipigi hodi, mfanyie hati mbili wiki hii, ya uwakilishi wa matibabu na ya mambo ya kisheria na pesa. Ya matibabu Texas inakubali notari, yani afisa anayethibitisha saini, au mashahidi wawili, ya pili inataka notari, kwa hiyo mlete notari mara moja afanye zote. Mwinue kitandani vizuri, kidonda kisikae chini, meza iwe upande wa kushoto. Atasaini kwa mkono wa kushoto, saini itakuwa kama ya mtoto wa chekechea na haitafanana na ya kwenye leseni yake ya udereva, ndo maana tunataka notari awe amesimama pale anaangalia.